Umepiga Kisu Picha. Fundi Je?

Niko na visu kumi na moja kwa nyumba na siogopi kusema. Kabla uanze kuniombea, ngoja nimalize. Vinne vinafanya kazi jikoni. Saba vinakaa kwa ubao nilioupigilia ukutani, juu kabisa, mahali watoto wa jirani hawafiki. Kila mgeni akija kwetu hapa Kisaju anauliza swali moja: "Wewe msichana, visu vyote hivi ni vya nini?"

Ni vya kuangalia. Ni vya kushika. Kuna mtu hukusanya jezi, kuna mwenye raba ishirini na miguu ni miwili tu. Mimi nakusanya visu vilivyofuliwa na mkono wa mtu, kimoja kimoja, ambavyo ukivitazama karibu unaona mahali nyundo ilipita.

Lakini leo siandiki kusifu visu vyangu. Naandika kwa sababu kimoja kati ya hivyo kila nikikiona nasikia aibu. Na nafikiri wengi wenu mko na kitu kama hicho kwa nyumba. Labda si kisu. Labda ni kiti, ni kiatu, ni kikapu. Kitu ulichojivunia ati ulikipata kwa bei ya kutupa.

Nianze na ujinga wangu wa kwanza

Miaka miwili iliyopita nilinunua kisu mtandaoni kwa shilingi 6,500. Muuzaji alikiita Damascus. Mnajua zile picha: chuma chenye mawimbi mawimbi kama maji yakivuta mchanga. Nilikuwa nimeangalia video za wahunzi wa Marekani na Japani mpaka saa nane za usiku, nikajiambia na mimi lazima niwe nacho.

Kile cha kweli kinatengenezwa hivi: unachukua vyuma vya aina mbili, unavipanga kama mkate na siagi, unavitia moto mpaka vishikane kwa nyundo, unakunja, unapiga tena, unakunja tena. Matabaka yanakuwa makumi, wakati mwingine mamia. Kisha kisu kikishakuwa tayari unakiingiza kwa asidi. Chuma kimoja kinaliwa kuliko kingine, mawimbi yanajitokeza. Kwa hivyo mawimbi yale yako ndani kwa ndani. Hayajapakwa juu.

Changu kilifika kimefungwa vizuri, nikakipiga picha kumi na tano. Baada ya wiki tatu makali yalikuwa yamekufa. Nikakipeleka kwa fundi mmoja aliyekuwa na kibanda cha mabati kando ya barabara ya Namanga, upande wa Kitengela, anayenoa mapanga na majembe. Akakichukua, hakuangalia upande wenye mawimbi hata kidogo. Alikigeuza akaangalia mgongo.

"Hii wamekuchorea," akasema.

Nikamuuliza amejuaje. Akanionyesha: mawimbi yaliishia ukingoni kabisa. Mgongo ulikuwa mweupe pe, kama kijiko cha hoteli. Kama matabaka yangekuwa ya kweli, mistari ingepanda mpaka mgongoni na kushuka upande wa pili. Sekunde tatu tu, mtu ambaye hajawahi kusoma posti hata moja kuhusu visu akaona kile mimi sikuona kwa wiki tatu.

Hapo ndipo nikamwambia anitengenezee kimoja.

Kisu kinavyozaliwa kwa mabati

Bei aliyoniambia ilikuwa 4,500. Mimi nikacheka ile kicheko chetu cha sokoni. Nikasema 1,500. Tukavutana. Mwishowe akashika nyundo yake akasema, "Lete elfu mbili, msichana wangu, nisikukalishe." Nikatoka hapo nikijiona mjanja sana. Mtu amenunua cha uongo kwa 6,500 bila kuomba hata kumi ipunguzwe, halafu cha kweli anakivuta mpaka elfu mbili. Kumbukeni hiyo hesabu, nitairudia.

Aliniruhusu nikae nipige video. Nilikaa siku mbili, na wasee, sijawahi kuona darasa kama lile.

Alianza na springi ya lori. Si ile ya kujizungusha, ni ile bapa, zile hupangwa moja juu ya nyingine chini ya gari. Barabara yetu inapitisha malori usiku na mchana, saruji kutoka Athi River, mchanga kutoka huku kwetu Kajiado, mizigo ya kuvuka Namanga, na mabonde ya barabara yanakata springi kila siku. Kwa mwenye lori hiyo ni hasara. Kwa mhunzi ni dhahabu. Springi ni feleji yenye kaboni ya karibu asilimia 0.6, iliyoumbwa ijikunje na kurudi bila kuvunjika. Chuma laini cha kutengeneza geti hakina kaboni hiyo. Ukikitengenezea kisu kitapendeza, halafu kitashindwa na nyanya.

Tanuri lake lilikuwa rimu kuu kuu ya gari. Upepo ulitoka kwa feni ndogo anayoizungusha kwa gurudumu la baiskeli. Fuawe lake lilikuwa kipande cha ekseli ya lori kilichochimbiwa ardhini. Hakuna kitu pale kilichonunuliwa dukani isipokuwa grinda na msasa.

Alipiga ile springi mpaka ikanyooka, kisha akaivuta ncha kwa nyundo, moto, nyundo, moto. Nilidhani kupiga kwa nguvu ndiyo kazi. Akaniambia kazi ni kujua wakati wa kuacha. Chuma kikipoa ukaendelea kukipiga, kinapata ufa ndani ambao hutauona leo. Utauona siku kisu kitakapokatika mkononi mwa mtu.

Halafu ikafika sehemu ambayo hata sasa nikiikumbuka nasisimka. Kisu kikishapata umbo, bado ni laini. Lazima kifanywe kigumu. Alikirudisha motoni, na mkononi alikuwa ameshika sumaku aliyoitoa kwa spika ya redio iliyokufa. Kila mara anatoa kisu, anakigusisha sumaku. Inashika. Anarudisha. Inashika. Anarudisha. Ikafika mahali sumaku haishiki tena, kama vile ile si chuma. Nilikuja kusoma baadaye kwamba chuma kikifika karibu nyuzi 770 za Selsiasi kinapoteza usumaku wake. Yeye hana kipimajoto. Ana spika ya redio. Akangoja kidogo tu zaidi, kisha akakizamisha chote kwenye mafuta. Si maji, mafuta. Maji yanapoza haraka mno na springi inaweza kupasuka papo hapo.

Kikatoka kigumu kama kioo, na kama kioo, ukikiangusha kinaweza kuvunjika. Kwa hivyo kuna hatua ya mwisho ambayo mafundi wenye haraka wanairuka: kukirudishia ulaini kidogo. Alisugua ubapa mpaka ukang'aa, akakilaza mgongo juu ya kipande cha chuma cha moto, akainama akitazama rangi. Chuma kilichosuguliwa kikipata joto kinabadilika rangi taratibu, kinakuwa cha manjano hafifu kama nyasi za hapa Kisaju mwezi wa pili, halafu kahawia, halafu zambarau, halafu bluu. Yeye alitaka makali yaishie kwenye ile rangi ya nyasi kavu, karibu nyuzi 200 hivi. Ilipofika tu, akakitoa. Mimi nilikuwa nimeinama kubadilisha betri ya simu. Nikakosa kupiga hiyo sehemu. Yeye hangeweza kuikosa.

Mpini ulikuwa mti wa mutamaiyu, tawi kavu alilolinunua na mzigo wa kuni. Akaufunga kwa gundi na misumari mitatu ya shaba aliyoikata mwenyewe kutoka kwa fimbo nyembamba. Akasugua kwa msasa mpaka nikipitisha kucha kati ya mti na chuma kucha haikwami popote. Kisha akakiweka kisu juu ya kidole kimoja, pale mpini unapokutana na chuma, kikatulia hapo kama mizani.

Jaribio lake lilikuwa rahisi. Alikata mfupa mkavu wa ng'ombe, akaukata tena na tena, mara kumi nilihesabu. Halafu kwa makali yale yale, bila kunoa, akanyoa nywele za mkono wake.

Marekani kuna chama cha wahunzi wa visu, American Bladesmith Society, kilichoanzishwa mwaka 1976. Ukitaka cheo kwao, kisu chako lazima kikate kamba inayoning'inia kwa pigo moja, kikate ubao mnene mara mbili, kisha bado kiweze kunyoa nywele, na mwisho kikunjwe mpaka nyuzi 90 bila kukatika vipande. Ukifaulu na ukapanda vyeo, visu vyako vinauzwa kwa maelfu ya dola na watu wanangoja miezi. Sisemi fundi wangu angefaulu mtihani wote ule, sijui, hajawahi kuufanya. Ninachosema ni kwamba anaelewa swali. Chuma kigumu cha kukata, laini cha kutovunjika, vyote viwili ndani ya kitu kimoja. Hilo ndilo swali la kila mhunzi popote duniani, na yeye analijibu kwa rimu, sumaku ya redio na jicho lake.

Hesabu

Ile video ilienda. Kwangu mimi kwenda ni watu elfu tisini na kitu. Komenti zilijaa moto na mikono ya kupiga makofi. Wiki iliyofuata, duka moja la vifaa vya jikoni likanitumia ujumbe, tukakubaliana nitaje bidhaa zao kwa video inayofuata. Nikalipwa 8,000.

Kati ya zile komenti kulikuwa na moja fupi tu. "Huyu fundi anaitwa nani?"

Nikaanza kuandika jibu. Vidole vikasimama. Siku mbili nimekaa na mtu. Nimekula chapati yake. Nimempiga picha mikono, nyundo, jasho. Sikuwa nimemuuliza jina. Kwa simu yangu nilikuwa nimemweka "Fundi Kisu".

Usiku huo nikafanya hesabu ambayo ningepaswa kuifanya nikiwa pale. Vitu vyote alikuwa ameninunulia mbele yangu, kwa hivyo bei nilizijua. Springi, 250. Makaa, 400. Mawe mawili ya grinda, 300. Msasa, 100. Gundi, 350. Ngozi ya ala, 300. Jumla 1,700. Mimi nilimpa 2,000.

Amebaki na mia tatu. Kwa siku mbili. Mia na hamsini kwa siku, manze, na kuni za mpini sijazihesabu. Mimi, niliyeshika simu, nilipata 8,000.

Najua wengine wenu tayari mnaandika: "Lakini alikubali mwenyewe." Ndiyo, alikubali. Mtu ambaye hajauza kitu tangu Jumatatu hukubali. Kukubali kwake hakunifanyi niwe nimelipa vizuri, kunanifanya niwe nimejua kumbana. Na mnajua kitu kibaya zaidi? Yule wa Damascus ya uongo sikumwomba hata punguzo. Kwa sababu alikuwa na tovuti. Kwa sababu picha zake zilikuwa na mwanga mzuri. Tunamlipa mwenye mwanga mzuri, tunamvuta shati mwenye moshi.

Dharau hii ni ya zamani

Nilidhani ni tabia yetu ya siku hizi. Sivyo. Nikaanza kusoma na kuuliza wazee wa huku, nikapata mambo mazito.

Huku Kajiado tuko nyumbani kwa simi, ile Wamaasai wanaiita olalem. Mmeiona: nyembamba karibu na mpini, inapanuka kuelekea ncha, makali pande mbili, ala ya ngozi nyekundu. Hakuna morani bila simi na mkuki. Basi mngetarajia aliyetengeneza awe mtu wa heshima ya kwanza. Wahunzi wa Kimaasai wanaitwa Ilkunono, na kwa vizazi vingi wenzao hawakuoana nao. Wageni walioandika kuhusu Wamaasai mwanzoni mwa karne ya 20 waliacha kumbukumbu kwamba mtu akipokea silaha mpya kutoka kwa mhunzi, alipaka mafuta mikononi kwanza, kuondoa uchafu wa yule aliyeifua. Simi anaitaka. Mkono ulioifua hautaki.

Si Wamaasai peke yao, msianze. Kwa Wakikuyu mhunzi alikuwa mtu wa kuogopwa, laana yake ilionekana kuwa nzito kuliko laana nyingi. Watu wanahitaji ufundi halafu wanaweka umbali na mwenye ufundi.

Sisi leo hatupaki mafuta. Tunapiga picha kuanzia mabegani kwenda chini, tunakata uso. Tunaandika "nimepata kwa jua kali" kana kwamba jua lenyewe ndilo lililoshika nyundo. Ni kitu kile kile.

Na inaweza kuwa tofauti. Ng'ambo ya bahari, Oman, jambia lao la khanjar liko katikati ya nembo iliyo kwenye bendera ya taifa, na mwaka 2022 UNESCO iliorodhesha ufundi wa kulitengeneza kuwa urithi wa binadamu. Si khanjar kama pambo tu. Ufundi, yaani yale yaliyo mikononi mwa watu. Hapa kwetu simi zinauzwa kwa watalii mpakani Namanga, na hakuna anayeuliza zimetoka kwa moto wa nani.

Kibanda

Ilinichukua miezi mitano kurudi. Sina kisingizio, niliona aibu na nikaiahirisha. Niliporudi nikiwa na 3,000 kwa bahasha, kibanda hakikuwepo. Vibanda vyote vya upande ule vilikuwa vimesafishwa kando ya barabara. Palibaki lile shimo alilokuwa amechimbia ekseli, limejaa maji ya mvua.

Mwaka 1972 Shirika la Kazi Duniani lilitoa ripoti kuhusu Kenya, ripoti mashuhuri kabisa, ikasema hawa watu wa vibandani si mzigo: wanafanya kazi yenye faida na wanasumbuliwa bure, na kubomoa bila sababu kukome. Ni zaidi ya miaka hamsini. Shimo bado linajaa maji.

Niliuliza mama wa chai, niliuliza watu wa boda. "Yule wa visu?" Kila mtu alimjua, hakuna aliyejua alikoenda. Mwishowe mwendesha boda mmoja akasema amemwona Isinya, kwa mtu wa kuchomea vyuma.

Nikampata. Anatengeneza mageti. Ukiishi huku unaelewa: ploti ni hamsini kwa mia, kila moja inataka ukuta na kila ukuta unataka geti. Geti linalipa kwa siku. Kisu hakilipi. Mtu anayejua rangi ya nyasi kavu kwenye chuma anakata mabomba ya mraba kwa kipimo cha mwenzake.

Nilimpa ile bahasha. Akaihesabu, akaniuliza ni ya nini. Nikamwambia ni ya kile kisu. Akasema, "Si tulimalizana?" Nikamwambia hatukumalizana. Akanyamaza, akaiweka mfukoni, akaniambia nikae.

Kwa nini hataki jina

Nikamuuliza jina lake, sasa najua. Nikamwagiza kisu kingine, kwa bei yake, 5,000, bila kuvutana. Nikamwambia nataka kitu kimoja tu cha ziada: apige jina lake kwa chuma, pale karibu na mpini, kama wanavyofanya wale wa video.

Akakataa.

Nilidhani ni unyenyekevu. Nikaanza kumweleza mambo ya kujulikana na wateja. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema: "Msichana wangu, wewe umesoma, fikiria. Hicho kisu kikiibwa kwako, kikapatikana mahali mtu ameumizwa, kina jina la nani? Lako au langu?"

Sikuwa na jibu. Mtu wa Ulaya akiweka jina kwa kisu, jina linapandisha bei. Fundi wa kibandani akiweka jina kwa kisu, jina linamwitia polisi. Na huku kwetu, na habari za vijana na mapanga tunazozisikia, hofu hiyo si ya kubuni. Mimi na mawazo yangu ya kuleta heshima, sikuwa nimewaza heshima inamgharimu nini anayepewa.

Kwa hivyo na nyinyi mnaosema "unatukuza silaha", nimewasikia, na hamjakosea kila kitu. Kisu ni kisu. Changu kinakaa nyumbani. Kutembea na silaha mahali pa watu kunaweza kukufikisha kortini, na hata kama sheria haingekuwepo, mtu anayehitaji kuonyesha kisu barabarani hajui visu, anajua woga. Ukiwa chini ya miaka 18, furahia kwa macho, mwachie mzazi kununua. Na usimwombe fundi mpini wa pembe ya mnyama wa porini, hilo ni kosa la jinai. Pembe na mfupa wa ng'ombe vipo tele.

Lakini jibu la hatari si kumficha fundi. Mpishi ana kisu, mchinjaji ana kisu, mathe ana kisu. Mtu aliyetengeneza kitu kwa uangalifu hivyo hastahili kuishi kama aliyefanya kosa.

Kabla hujanunua

Kama umefika hapa na unataka kuanza, fanya hivi. Angalia mgongo wa kisu kabla ya uso wake. Kishike ukielekeze ncha mbele kama unapima mbao, uone kama kimenyooka. Pitisha kucha mahali mti unakutana na chuma. Kiweke kwa kidole uone kinaangukia wapi. Muulize fundi chuma kimetoka kwa nini: akisema springi au tupa kuu kuu, endelea kusikiliza. Akisema "chuma tu", shukuru uende. Muulize alikizimisha kwa nini na alikirudishia moto vipi. Fundi mzuri atafurahi umeuliza. Nimeona nyuso zikibadilika kabisa kwa swali hilo moja.

Halafu kuhusu bei. Kama hauna, sema hauna, agiza kitu kidogo. Kisu kidogo cha kumenya viazi kilichotengenezwa vizuri ni mwanzo mzuri kuliko simi ya kubanwa. Lipa nusu ya kununulia vifaa, lipa nusu ukichukua. Vuta bei ya nyanya ukitaka, nyanya kesho zitaoza. Siku mbili za mtu usizivute.

Na muulize jina. Halafu muulize kama anataka litajwe. Haya ni maswali mawili, mimi nililiona moja tu.

Mwisho wetu ulikuwa hivi. Baada ya kukataa, fundi alifikiria kidogo akachukua patasi ndogo. Kwao, mbuzi wa nyanya yake walikuwa wakitiwa alama sikioni, mkato mmoja mrefu na mwingine mfupi pembeni, ili wakipotea kila jirani ajue ni wa nani. Akaipiga alama hiyo kwa chuma kabla ya kukizimisha. Mikato miwili, mrefu na mfupi. Anayemjua ataijua. Asiyemjua ataona mikwaruzo.

Kile kisu cha kwanza bado kiko ukutani, hakina alama, na sitakiondoa. Cha pili kiko jikoni, kinakata sukuma kila jioni. Fundi bado anachomea mageti mchana, lakini tangu mwezi uliopita amepata visu vitatu vya kutengeneza jioni, vyote kwa bei yake. Jina lake nalijua. Siliandiki hapa kwa sababu ameniomba nisiliandike.

Ukitaka kisu, niandikie pembeni. Nitamuuliza kwanza yeye.